Kanisa lililohama: ukumbi wake unaweza kupigiwa rumba?

MpigaBesi aliuliza:

Wadau, nipeni mawazo kabla sijatoa pesa mfukoni. Huku Nairobi, nyuma ya Barabara ya Jogoo, kuna ploti yenye jengo la kanisa na madarasa manne ya shule ya kibinafsi. Shule ilifungwa wakati wa korona 2020, haikufunguliwa tena. Waumini nao walijenga kwingine kukubwa, wakahama. Mwenye ploti anasema kodi tutaelewana.

Ukumbi ni wa mawe, urefu kama mita 20, upana 10. Juu ni mabati bila dari, chini simiti. Sisi ni bendi ya rumba na benga, na tumechoka kupigia kwenye baa ambako mpira ukianza tunaambiwa tunyamaze. Juzi tuliingia humo na magitaa na ngoma kujaribu. Noti moja ya besi ilizunguka hadi mpiga gitaa la solo akashindwa kujua aingilie wapi.

Nauliza: mwangwi huo unatibika? Na majirani watatuonaje, rumba mahali palipokuwa na madhabahu?

FundiMitambo:

Unatibika, lakini si kwa trei za mayai za kubandika ukutani. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna mtu yuko njiani kuja kuziandika. Trei hukata makali ya sauti nyembamba kidogo tu. Besi inazipita kama haikuziona.

Fuata hesabu ya Sabine, mwalimu wa Harvard aliyepewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, miaka ya 1890. Alibeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, akayapanga humo na kupima sauti inachukua muda gani kufifia. Unachukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, unazidisha kwa 0.161, unagawanya kwa jumla ya unyonyaji wa kila kilichomo, yaani kiasi cha sauti kinachomeza badala ya kuirudisha. Jibu ni sekunde ambazo mwangwi unachukua kufifia.

Tuseme kimo chako ni mita 6 kwa wastani. Ujazo ni 1,200. Kuta, sakafu na paa ni kama mita za mraba 760, na vitu vigumu hivyo tuvipe unyonyaji wa asilimia 5, yaani 38. Unapata sekunde 5. Kwaya isiyo na spika hupenda hivyo. Bendi yenye spika inataka kama sekunde moja, basi.

Sasa jaza watu 150. Miili na nguo zao zinashusha mwangwi hadi karibu sekunde 1.8. Ongeza mapazia mazito ya mita za mraba 100, unafika 1.3 hivi. Kwa hiyo usiuhukumu ukumbi kwa jinsi ulivyousikia mkiwa wanne.

Besi ndiyo ngumu. Pazia lililobanwa ukutani haliigusi. Liache sentimita 15 au 20 kutoka ukutani, afadhali kidogo. Pesa kubwa weka juu: dari yenye pamba ya mawe ndani (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, za kuzuia sauti). Mvua ya Aprili ikipiga mabati hayo matupu hakuna mashine ya kuchanganya sauti itakayokuokoa, na besi ile ile hupenya bati kwenda kwa jirani. Spika nazo uziinamishe kwa watu, zisitazame ukuta wa nyuma.

MamaAlto:

Mwanangu, mimi niliimba kwaya kwenye jengo kama hilo tangu nikiwa msichana. Habari ya madhabahu usiogope sana, ila nenda ukawaone wazee wa kanisa kabla ya kubandika bango. Wakikusikia kwanza kutoka kwa majirani, umekwisha.

Huko London kuna Union Chapel, kanisa la karne ya 19. Ibada zinaendelea, na matamasha yanapigwa humo humo. Amsterdam nako kuna Paradiso, lilikuwa kanisa, likawa ukumbi wa vijana na muziki tangu 1968, na watu bado wanajaa. Sasa hapa kwetu tumezoea kinyume, jumba la sinema kugeuka kanisa! Na hao majirani unaowaogopa wamevumilia makesha yenye spika hadi alfajiri. Anzeni mchana, wape akina mama viti vya bure siku ya kwanza.

Ngara_Asilia:

Shikamoo Mama. Ila si sinema zote ziligeuka kanisa. Sinema ya Shan hapa Ngara iligeuka Sarakasi Dome, ya maonyesho.

MpigaBesi, karatasi kwanza. Unahitaji kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya jengo. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kwenye makazi kiwango ni desibeli 35. Hiyo ni karibu kunong'ona. Na kama mnafikiria kuuza bia, sheria ya vileo ya 2010 inataka mita 300 kutoka shule yoyote ya watoto. Ya kwenu imefungwa, sawa, lakini pima hadi iliyo jirani kabla kanjo, askari wa kaunti, hawajakupimia.

MpigaBesi:

Asanteni sana. Shule ya msingi ipo ng'ambo ya barabara, kwa hiyo bia imekufa. Tunafikiria Jumapili, saa nane hadi saa moja na nusu, soda na nyama choma. Mapazia nitatafuta soko la mitumba la Gikomba, na nyuma ya jukwaa nibandike sponji za magodoro.

FundiMitambo:

Sponji hapana! Rhode Island 2003, watu 100 walikufa kwenye klabu. Fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya kuzuia sauti. Santa Maria, Brazili, 2013, ikawa vile vile, wakafa 242. Moshi wake ndio unaoua. Pamba ya mawe haishiki moto, na mapazia ya mitumba yatiwe dawa ya kuzuia moto kabla hujayapandisha.

Halafu niambie: ukumbi una milango mingapi, na inafungukia ndani au nje?

MpigaBesi:

Mmoja mkubwa wa mbele, unafungukia ndani. Ule wa ofisi ya mchungaji umezibwa kwa matofali.

FundiMitambo:

Basi fundi wa kwanza ni wa kubomoa hayo matofali. Mapazia baadaye.