Naomba ushauri: michoro ya mitaani Lamu, mfuko mwepesi

Kipepeo_wa_Nakuru
Habari zenu wadau. Mwezi ujao nashuka Lamu kwa basi, na hela si nyingi. Napenda sana michoro ya ukutani, Nairobi huwa nakimbizana na matatu ili nipige picha za grafiti tu. Huko niangalie mitaa gani? Nisipolipa mtu wa kunitembeza nitapotea? Pia nabeba makopo yangu ya rangi ya kupuliza, nikipata mwenye nyumba atakayenikubalia ukuta nimwachie kitu.

MwanaLangoni
Karibu sana dada, ila makopo yaache Nakuru. Mji wa kale uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, si mahali pa kujichorea. Na hata bila sheria, kuta zetu ni mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Unyevu na chumvi hupanda kutoka chini na kutokea kwenye hiyo lipu. Ukiifunika kwa rangi ya kupuliza, unyevu unakwama ndani, lipu inavimba na kubanduka. Mwenye nyumba anaweza kukuitikia kwa haya tu, kisha wewe ukiondoka yeye ndiye anayemtafuta fundi.

Tembea_Kijanja
Kama unatafuta mchoro wa ghorofa nzima utavunjika moyo, nakwambia mapema. Kupotea usiogope. Vichochoro ni vyembamba na vinapindapinda, lakini ukifuata mteremko utatokea baharini.

Pwani_Tupu
Rangi za Lamu ziko kwenye vyombo vya baharini, si kutani. Teremka ufuoni maji yakiwa yamekupwa, utakuta mashua zimelala ubavu. Majahazi yana jicho kila upande wa omo, yaani sehemu ya mbele: duara la mbao lililopakwa rangi, mengine yana nyota na mwezi mchanga. Kisha zunguka nyuma usome jina. Hakuna anayekutoza. Ukitaka kuona vikiundwa, nenda kijiji cha Matondoni, ila toka mapema kabla jua halijakolea.

Mzee_wa_Baraza
Mwanangu, mbona hakuna aliyetaja milango? Nyumba za kale hapa nje ni kavu, mapambo mengi yako ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kinachotazama njia ni mlango. Simama mbele ya mmoja utazame kizingiti, kisha mfaa, ile nguzo ya katikati, uone patasi ilivyokwenda. Halafu tafuta karakana ya mchongaji, wapo wanaofanya kazi mlango wazi, utoe salamu na ukae utazame. Jambo moja: barazani pakiwa na watu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Pale ni kwao, na akina mama wengi hawapendi.

Kipepeo_wa_Nakuru
Shikamoo mzee, na asante. Makopo yanabaki, nitabeba daftari na penseli. Kuna jahazi la ndara nililowahi kuliona kwenye simu, ni la huko?

Pwani_Tupu
Ndilo hilo, Flipflopi. Liliundwa hapa hapa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na likashushwa majini 2018. Bodi yote ni plastiki iliyookotwa, tani kumi hivi, na juu yake ndara kama 30,000. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar. Ukifika ulizia mabaharia, husafiri, usipange safari yako kwa ajili yake.

Tembea_Kijanja
Mambo ya hela sasa. Basi linaishia Mokowe, gati la upande wa bara, kisha unavuka kwa boti. Hapo utavamiwa na wa spidiboti, wewe panda boti ya abiria na wenzako. Kijiji cha Shela nenda kwa miguu kwa njia ya ufuoni, kama kilomita 3, maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, hasa bamvua, yaani maji makuu, njia inamezwa na utalipa boti upende usipende.

MwanaLangoni
Na usile hoteli za mbele ya bahari kila mlo. Ingia ndani mtaa wa Langoni jioni, mishikaki na viazi vya karai vitakutosha, na baki ya hela utalipia kiingilio cha Ngome ya Lamu.