Mtoto anaongea Kiswahili nyumbani. Shule ina haki ya kumlazimisha Kihispania?

BintiTanga:
Habari za jioni wakuu. Nipo Houston, mwaka wa kumi na moja sasa. Kijana wangu anaingia darasa la tisa Agosti, ndiyo mwanzo wa sekondari huku. Jana tumekaa na mshauri wa masomo wa shule kupanga vipindi. Texas inataka mwanafunzi awe na krediti 2, yaani masomo ya miaka miwili, za lugha isiyo Kiingereza ndipo ahitimu. Nikamwambia mshauri, basi huyu keshamaliza, sisi kwetu tunaongea Kiswahili. Mama wa watu akatabasamu, akageukia kompyuta yake, akamwandikia Kihispania cha Kwanza. Eti Kifaransa kimejaa.

Kilichonichoma si Kihispania. Utaratibu huohuo unamruhusu mtoto achukue lugha za kompyuta badala yake. Yaani akisema na mashine ni lugha, akisema na bibi yake wa Tanga si kitu. Hata lugha ya alama ya Marekani inahesabiwa, na hiyo sina ugomvi nayo kabisa.

Nasema hivi: mtoto mwenye lugha mbili tayari asikalishwe miaka miwili kuhesabu uno, dos, tres. Muda huo asome kemia. Mnasemaje?

MzeeWaBoksi:
Dada yangu, nimebeba boksi nchi hii miaka kumi na tisa. Kiingereza cha sekondari kilinisaidia kusoma mkataba wa nyumba. Ghalani hakikunisaidia. Msimamizi Mhonduras, wenzangu wote Wameksiko na Wasalvador. Neno la kwanza la Kihispania nililolijua ni "cuidado", yaani jihadhari, kwa sababu aliyelisema alikuwa ananisukuma nisiangukiwe na mzigo. Tangu siku hiyo sijasahau.

Wanaoongea Kihispania majumbani nchi hii wanazidi milioni 40. Houston yenyewe karibu nusu ya watu ni Walatino. Mwache mtoto asome. Kemia itamngoja.

Kitasa:
Mzee, milioni 40 hatukatai. Swali ni kama darasa linamfikisha kwa hao milioni 40. Tupige hesabu. Kipindi dakika 45, siku za shule kama 180 kwa mwaka. Hizo ni saa 135. Miaka miwili, saa 270, ukitoa siku za mitihani na siku mwalimu kaumwa inapungua. Wanadiplomasia wa Marekani, watu wazima wanaolipwa kusoma, Wizara yao ya Mambo ya Nje huwapangia saa 600 hivi au zaidi za darasani kwa Kihispania, na hicho kiko kwenye kundi la lugha wanazoziita rahisi kwao. Kiswahili wamekiwekea zaidi ya 800.

Sasa kijana wa dada atatoka na nini? Na "me llamo", yaani naitwa, na alama A. Binti yangu ana A mbili za Kihispania. Juzi mgahawani kapewa menyu, kaagiza kuku kwa kidole.

NairobiHadiDallas:
Hapo umesema ukweli mtupu. Mimi nilifanya Kijerumani shule ya upili kule Kenya miaka minne, nikakifanya hadi KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kilichobaki kichwani ni wimbo mmoja wa Krismasi, na hata huo nakwama katikati.

JogooWaShamba:
Lakini Kihispania si kigeni kwetu. Pesa si imetokana na peso?

Mwalimu_Pwani:
Jogoo, hapana. Pesa ni paisa ya Wahindi. Unayotafuta ni meza na bendera, tulizochukua kwa Wareno, na Wahispania wanasema mesa na bandera.

Nimesoma uzi huu nikashindwa kunyamaza. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafundisha Kihispania sekondari huku Marekani mwaka wa saba. BintiTanga, mwanao hatakuwa darasa moja na wenzake, hata wakikaa dawati moja. Irabu za Kihispania ni a, e, i, o, u, zilezile zetu. Mtoto wa Kimarekani namkalisha wiki mbili asiseme "nou" badala ya "no". Wako ataisoma mañana kama manyana na imekwisha. Itabidi aizoee j inayotamkwa kama kh, na h isiyotamkwa kabisa.

Njoo kwenye kitenzi. "Hablo español." Nani anaongea? Mimi, nimo ndani ya kitenzi, kama nilivyo ndani ya "naongea". Wenzake wanahangaika kutafuta "I" iko wapi. Njoo kwenye sifa: casa blanca, nyumba nyeupe. Nomino mbele, sifa nyuma. Na sifa lazima imfuate bwana wake: libro rojo, libros rojos. Aliyekua akisikia kitabu chekundu, vitabu vyekundu, hilo halimshtui. Kihispania kina jinsia mbili tu. Sisi tuna ngeli ngapi? Anashuka mlima huyo.

Kisha kuna jambo linalowatoa machozi wanafunzi wangu wote, "kuwa" ya Kihispania ni mbili, ser na estar. La casa es grande. La casa está en Tanga. Kwa Kiingereza zote ni "is", basi mtoto anakariri orodha. Mswahili aulizwe tu: nyumba NI kubwa, nyumba IKO Tanga. Hatuzichanganyi hata usingizini. Haiendi hivyo hadi mwisho, maana "estoy cansado" sisi tunasema "nimechoka", lakini nusu ya njia kashafika. Na "hasta mañana", yaani hadi kesho, mnayoisikia kila siku, hiyo hasta imetoka kwenye hatta ya Kiarabu, palepale ilipotoka hata yetu, ile ya wazee: tangu asubuhi hata jioni.

Shida ni kwamba haya yote hafundishwi. Darasa linaendeshwa kwa Kiingereza, kana kwamba kila aliyekaa pale kazaliwa na Kiingereza tu. Kwa hiyo anaanza sifuri wakati mfukoni ana hazina.

Tahadhari ndogo: asimwite nduguye "kaka" mbele ya Wameksiko, kwao ni neno la watoto la mavi. Na "baba" ni udenda. Yaliwahi kutokea darasani kwangu, sikuweza kufundisha tena siku hiyo.

Kuhusu krediti nakuunga mkono nusu. Texas ina utaratibu wa kupata krediti kwa mtihani bila kukaa darasani, alama 80 kwenda juu. Pia kuna muhuri wa umahiri wa lugha mbili unaobandikwa kwenye cheti cha sekondari. California walianza 2011, majimbo mengine yakafuata, na mitihani ya Kiswahili ipo. Ila inapima kusoma na kuandika, si kuongea tu. Nikuulize bila ubaya: kijana anaandika Kiswahili?

BintiTanga:
Mwalimu umenishika pabaya.

Anasikia kila kitu. Nikimtuma chumvi analeta chumvi. Ila anajibu Kiingereza, na mimi nimezoea hivyo hivyo. Baada ya kusoma maneno yako nikampa kalamu, nikamwambia mwandikie bibi mistari mitatu. Nanukuu: "Shikamo bibi. Mimi niko mzuri. Mimi nataka kuona wewe." Baba yake kacheka mpaka kakohoa. Mimi nikaenda jikoni.

MzeeWaBoksi:
Shikamoo ina o mbili. Hapo hapo mtihani keshaanza kumkata.

Kitasa:
Ndiyo ninayosema siku zote. Tunadai Kiswahili kitambuliwe na shule, wakati sebuleni kwetu hakitambuliki. Na mimi nimo, sijitoi.

MtotoWaKivu:
Bandugu, nawasalimia kutoka Abilene, hukuhuku Texas. Kiswahili changu ni cha Kivu, mashariki mwa Kongo, msinicheke. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Niseme kidogo juu ya binti yangu, ana miaka kumi na sita.

Anajua Kibembe, Kiswahili, na Kifaransa cha shule ya kambini. Alipofika hapa, kila darasa wenzake wamemtangulia. Hesabu anaijua, lakini swali limeandikwa Kiingereza. Historia ni ya watu ambao hajawahi kuwasikia. Akawa anarudi nyumbani, ananyamaza. Halafu wakamwingiza Kihispania. Ndilo darasa pekee ambalo siku ya kwanza hakuna mtoto aliyekuwa mbele yake. Wote sifuri. Na kwa sababu ya Kifaransa, baada ya miezi mitatu ndiye waliomfuata kumwomba msaada. Huyo mtoto alianza kuongea darasani kupitia Kihispania, ndiyo Kiingereza kikafuata. Kwa hiyo msiniambie saa 270 ni bure. Kwetu hazikuwa bure hata moja.

Jambo la pili. Mnasema mtihani wa Kiswahili. Kiswahili cha nani? Mimi nyumbani nasema "batoto biko na njaa". Binti akiandika vile, mwenye kusahihisha wa Dar es Salaam atamwelewa, lakini kalamu nyekundu itapita. Krediti hiyo mnayoipigania itawafaa watoto wa Tanga na Mombasa. Wakongomani ni wengi sana Texas hii, na ndio mnaowahesabu mkitaka kusema Waswahili tuko wengi.

Mwalimu_Pwani:
Kaka wa Kivu, hoja hiyo sina jibu lake. Ni kweli.

Kitasa:
Ya darasa la kuanzia sifuri pamoja, nimeipenda. Nafuta nusu ya hesabu yangu. Lakini kijana wa dada kakulia hapa, hilo halimhusu.

Na bado kuna dhuluma. Angalieni mitihani ya AP, ile ambayo mtoto akifaulu vyuo vingi vinamhesabia krediti za chuo kabla hajafika. Lugha ni saba: Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijapani, Kijerumani na Kilatini. Kilatini! Lugha ambayo hakuna mtu duniani anayeuzia nyanya. Ya Afrika hakuna hata moja.

Mwalimu_Pwani:
Kitasa, hasira yako ina haki ila umeielekeza mezani kwa mshauri, na mshauri hapangi kitu. Houston hiyohiyo ina shule ya umma ya watoto inayofundisha kwa Kiarabu, ilifunguliwa 2015, na kabla yake ya Kichina. Maamuzi hayo yanapita kwenye bodi ya elimu, kikaoni, hadharani, na mzazi yeyote anajiandikisha kuzungumza. Niambieni, nani kwenye uzi huu amewahi kwenda?

NairobiHadiDallas:
*kimya cha Wakenya*

MzeeWaBoksi:
Na cha Watanzania. Kikao saa kumi na mbili jioni, mimi zamu inaanza saa kumi na moja.

BintiTanga:
Wakuu nimerudi. Fomu inatakiwa Ijumaa. Nimejaza Kihispania.

Msimamo wangu wa krediti haujabadilika. Mtoto aliye na lugha apewe nafasi ya kuionyesha, na shule imwambie mzazi kwamba nafasi hiyo ipo, siyo mimi kuja kuisikia kwa Mwalimu wa Mombasa mtandaoni. Nimemwandikia mshauri barua pepe kuulizia mtihani. Hajajibu. Kwa sasa Kiswahili ni nyumbani, kila Jumapili barua moja kwa bibi, na bibi kaniambia atakuwa anasahihisha na kurudisha kwa picha ya simu. Kashaanza. Ile ya kwanza imerudi na "shikamoo" kaiandika mara kumi.

Jana nilimwonyesha kijana yale ya "ni" na "iko". Alikaa kimya, halafu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida, mbona sikuwahi kumwambia kwamba hivyo ni vitu viwili. Sikujua kama na mimi nilikuwa navijua.

Mwalimu, baba yake anauliza: ile ya "baba" kuwa udenda, ni kweli au ulikuwa unatania?

Mwalimu_Pwani:
Ni kweli. Mpe pole.