Je, huntha, shoga na anayejitambua kuwa wa jinsia nyingine ni jambo moja?

Muuguzi wa Mwambao:

Wanajamvi, habari za leo. Ni muuguzi katika zahanati moja ya mwambao wa ziwa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Juzi alizaliwa kwetu mtoto ambaye viungo vyake vya uzazi havikutuwezesha kusema kwa hakika kama ni wa kiume au wa kike. Mama alitulia, lakini majirani, waliokuja kumpa pole badala ya kumpa hongera, walianza kunong'ona kwamba mtoto huyu atakuwa shoga, na mmoja akaongeza kwamba ndio hao wanaume wanaojiita wanawake. Nilinyamaza, si kwa kuwa nilikubaliana nao, bali kwa kuwa sikuwa na maneno ya kuyatenganisha mambo hayo. Chuoni hili lilipita katika kipindi kimoja tu. Je, ni jambo moja lenye majina mengi, au ni mambo tofauti? Na nimweleze nini mama huyu atakapokuja kliniki wiki ijayo?

Tabibu Mstaafu, Nyakato:

Dada Muuguzi, kwanza la haraka: usisubiri kliniki. Miongoni mwa sababu za hali hiyo ipo moja ambapo tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutengeneza homoni zinazouzuia mwili kupoteza chumvi. Mtoto huonekana mzima siku za mwanzo, kisha katika wiki ya pili hivi huanza kutapika, kulegea na kupungua uzito, na anaweza kufa huku watu wazima wakibishana kuhusu jina lake. Mpeni rufaa ya hospitali ya Bugando leo hii.

Sasa swali lako. Kiswahili kimetupa jinsi na jinsia, ingawa magazetini maneno hayo huchanganywa. Jinsi ni habari ya mwili: kromosomu, homoni, viungo vya ndani na vya nje. Kwa kawaida vyote huelekea upande mmoja, lakini si kila mara. Wapo watu wenye kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za kiume, lakini miili yao haiipokei homoni ya kiume, nao huzaliwa na kulelewa kama wasichana, hadi siku wazazi wanapoanza kujiuliza kwa nini binti hajavunja ungo. Mtoto wako yumo katika fungu hili la jinsi, na mtu mwenye mwili wa namna hii wazee wetu walimwita huntha. Majirani zetu wa Kenya waliwahesabu watu hao katika sensa ya mwaka 2019 wakapata 1,524, idadi ambayo naamini ni ndogo kuliko hali halisi, kwa maana ni wazazi wangapi watamtajia karani wa sensa jambo walilomficha hata shangazi wa mtoto?

Utambulisho wa kijinsia ni habari ya pili. Ni namna mtu anavyojitambua nafsini mwake, na wengi wanaojitambua tofauti na walivyoandikwa walipozaliwa wana miili isiyo na utata wowote. Mwelekeo wa kimapenzi ni habari ya tatu: moyo humwelekea nani, wa jinsia nyingine, wa jinsia yake, wa zote mbili, au asivutwe na yeyote. Alfred Kinsey, mtaalamu wa wadudu aliyegeukia tabia za binadamu, alipochapisha utafiti wake nchini Marekani mwaka 1948, aliona haitoshi kuwagawa wanaume katika makundi mawili, akatumia kipimo cha 0 hadi 6. Mwaka 2019 uchunguzi wa vinasaba vya watu wapatao 477,000 haukupata kinasaba kimoja kinachomfanya mtu afanye mapenzi na wa jinsia yake, bali athari ndogondogo za vinasaba vingi pamoja na mambo mengine. Ikiwa maabara zote hizo hazikuweza kutabiri, jirani anayemtazama mtoto wa siku tatu anatabiri kwa kigezo gani?

Mkazi wa Kirumba:

Tabibu, nashukuru, lakini si mambo haya yamo katika orodha ya magonjwa ya akili? Na sheria yetu inayakataza.

Tabibu Mstaafu, Nyakato:

Ndugu yangu, Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Katika orodha mpya, iliyoanza kutumika Januari 2022, hata hali ya kujitambua tofauti imetolewa kwenye sura ya maradhi ya akili. Kuhusu sheria, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo, hadi kifungo cha maisha, wala hakizungumzii mtu alivyozaliwa. Chimbuko lake ni sheria za Waingereza, na ni ndugu wa kifungu cha 377 walichokiandika India mwaka 1860.

Mzee wa Tarime:

Naongeza la kwetu. Sisi Wakurya tunayo nyumba ntobhu: mwanamke, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, humtolea mwanamke mwenzake mahari ya ng'ombe, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa mji wake. Si mapenzi baina yao, na huniuma wageni wanapoandika kwamba ni mapenzi. Hata hivyo, nafasi ya mume katika mji ule hushikwa na mwanamke, na wazee hukaa barazani kuzipokea ng'ombe zake. Basi, Tabibu, kwenye mafungu yako matatu weka la nne, yaani kazi na nafasi ambayo jamii humpa mtu, kwa kuwa nalo halilingani daima na mwili.

Muuguzi wa Mwambao:

Shikamoo Mzee, shikamoo Tabibu. Mama na mtoto wameondoka kwenda Bugando alasiri hii pamoja na bibi, ambaye nilimweleza habari ya chumvi kwanza na mengine baadaye, naye akasikiliza. Kwenye kadi, nafasi ya jinsi nimeiacha wazi mpaka majibu yatakaporudi. Jina wamemwita Neema. Wabeja sana.