Naombeni ushauri: mtaji wa dagaa wa mke wangu nimeubeti, na giza linaingia wiki ijayo

Wa Mwanga Sokoni

Habari za usiku wakuu. Naandika kwa akaunti mpya maana ile ya zamani shemeji zangu wanaijua. Niko Kigoma mjini, nina mke na watoto wawili. Ni ndefu kidogo mnivumilie.

Nilikuwa nafanya kazi shirika moja kambini kwa wakimbizi upande wa Kasulu, kitengo cha data, mkataba wa mwaka mwaka unaohuishwa. Januari 2025 Marekani waliposimamisha hela za misaada tukaambiwa tukae nyumbani kwanza, baadae ikaja barua. Sikuwa peke yangu, Kasulu na Kibondo watu wengi tu walifunga mabegi kipindi kile. Nikafuatilia fao la kukosa ajira NSSF, ile theluthi ya mshahara kwa miezi sita, nikajua mpaka iishe nitakuwa nimeshapata pa kujishikiza. Wapi. Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, nimeomba mpaka nimeikariri, nikaitwa usaili Dodoma, wa kuandika nikapita, wa ana kwa ana nikaangukia pua. Mashirika mengine hata kujibu hawajibu.

Sasa kubeti nilikuwa nabeti tangu zamani, jero, buku, wikiendi, kama vijana wengine tu, na mshahara ulikuwepo kwa hiyo hata ikichanika hakuna aliyelala njaa. Nilipoanza kushinda nyumbani ndo mambo yakabadilika. Sijui kama nitaeleweka ila mkeka, yani zile mechi kadhaa unazobetia kwa pamoja, ulikuwa unanipa kazi. Asubuhi naamka nina kitu cha kuchambua, nani majeruhi, nani anacheza ugenini, mchana nasubiri, usiku majibu. Afu ukija ule ujumbe wa "tunasikitika kukujulisha" ndo siku hiyo naweka kubwa, yani kama nataka kuwaonesha. Baadae nikahamia kwenye kindege, ule mchezo wa ndege inayopaa na hela yako na unatakiwa uitoe kabla haijapotea, kwa sababu mechi zilikuwa zinachelewa kuisha.

Mke wangu ananunua dagaa Kibirizi na Katonga, anaanika, anasafirisha Tabora na Shinyanga. Sasahivi ni mbalamwezi boti nyingi zimepumzika, kwa hiyo mtaji umekaa unasubiri giza, usiku usio na mwezi ndo dagaa wanavuliwa. Ulikuwa 1,400,000 na ulikuwa kwenye laini yangu, maana laini yake ina deni la mkopo wa simu, hela ikiingia tu inakatwa. Imebaki 210,000. Juu yake nina mikopo ya aplikesheni mbili kama 380,000 hivi, mmoja wameshaanza kutuma mesej za matusi kwa watu walioko kwenye simu yangu.

Giza linaingia wiki ijayo, ataniomba hela. Kuna mama mmoja hapa Mwanga anatoa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, yuko tayari kunipa 1,200,000 naacha kadi ya pikipiki. Nachukua, narudisha mtaji, mke hajui kitu, na mimi naacha kabisa, naapa. Au nimwambie ukweli? Nikimwambia ndoa imeisha, namjua.

Mgebuka Mkavu

Kwanza pole. Pili, umeandika kwamba "unarudisha mtaji" kwa kausha damu. Riba yake ni ngapi kwa mwezi? Maana mimi nilichukua kwa 30 na kila ukichelewa inapanda. Pikipiki itaondoka, mtaji utaondoka, na mke atajua tu, ila atajua kwa kuletewa wageni mlangoni.

Dr Odi

Mkuu usikate tamaa nina mechi za uhakika 100%, zimepangwa Ulaya huko, wikiendi iliyopita wateja wangu wote walipiga. Njoo inbox, ada ni elfu 30 tu unarudisha mtaji siku moja

Karani Mstaafu

Dr Odi toka hapa. Mtu mwenye mechi ya uhakika anakopa kwa mama yake anaiweka yote, haji kuuza kwa elfu 30 kwa mtu aliyefilisika.

Mleta mada, mimi nimekaa dirishani kwenye duka la kubeti, sio Kigoma, ila maduka ni yale yale. Ngoja nikwambie hesabu ambayo hatukuwa tunawaambia wateja. Chukua beti ya mechi yenye majibu mawili tu na nafasi sawa kwa sawa, mfano magoli juu au chini, haki ya odi, yani hela yako unalipwa mara ngapi, ni 2.00. Kampuni inakupa 1.90. Hapo unaona mbona wamekata kidogo tu. Sasa weka mechi 12 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Kwa haki ulitakiwa ulipwe mara 4,096, wao wanakulipa kama mara 2,200. Yani kile kidogo cha kila mechi kikizidishwa mara 12 kimekula karibu nusu ya haki yako kabla mpira haujaanza, na bado ukishinda kuna kodi. Ndo maana bonasi tunakupa ukiongeza mechi, hakuna aliyewahi kupewa bonasi ya kupunguza mechi.

Kindege ndo usiseme. Wenyewe wanasema kinarudisha 97 katika kila 100, na inawezekana ni kweli. Ukiweka 2,000 raundi 50 umezungusha laki, wastani umeacha 3,000. Inaonekana ndogo eeh? Hizo raundi 50 unazimaliza chai haijapoa. Fanya hivyo siku nzima afu uniambie. Na hapo ni wastani, ukianza kudabo ili urudishe ndo unaikausha laini yote kwa mkupuo.

Na hili neno kurudisha. Dirishani mtu akija anacheka ameshinda, nilikuwa namuona anaondoka. Akija amenuna anasema "narudisha tu yangu ya jana niache", huyo nilikuwa najua nitafunga nae duka. We hata mkopo unautaka ili "urudishe". Ugonjwa wako wote uko kwenye hilo neno.

Wa Mwanga Sokoni

Karani umenichoma ila asante. Ila kuna kitu sijasema. Nina mkeka wa Jumamosi haujaisha, niliweka 40,000, zimebaki mechi tatu, zikitiki ni 1,900,000. Ndo maana nilitaka nisubiri kwanza kabla sijamwambia mtu.

Fundi Gungu

Hahahaha ndugu yangu, na sisi tunakushauri hapa kumbe we unasubiri matokeo

Karani Mstaafu

Omba uchanike. Nasema kweli kabisa. Ukishinda hiyo utalipa mtaji na utabaki na laki tano na akili ya kwamba we ni mtaalam, na ikifika giza la mwezi ujao tutakukuta hapa na hati ya nyumba ya baba yako.

Mama Wawili Ujiji

Mimi ni mke wa mtu kama wewe kwa hiyo nisikilize vizuri, na naongea na wewe kama dada yako.

Wangu alipoteza ada ya mtoto. Kilichoniuma sio ada. Kilichoniuma ni kwamba wiki tatu nzima nilikuwa namuuliza "umelipa?" ananijibu "nimelipa", ananiangalia usoni. Hela nilishasahau, hiyo "nimelipa" mpaka leo ikinijia naacha kula. Wewe mkeo bado hajakuuliza. Una bahati hiyo mpaka wiki ijayo, akishakuuliza ukadanganya umeshaingia kwenye shimo jingine.

Mwambie kabla giza halijaingia, na umwambie zote. Wanaume mna tabia ya kukiri nusu, unasema laki tatu, kesho inatoka nyingine, keshokutwa kaja wa mkopo. Kila ikitoka mpya kwake unakuwa umeanza upya. Nenda kachukue stetimenti ya laini yako kwa mtandao wako, iprinti, umpe asome mwenyewe. Mikopo yote miwili iandike pembeni. Usimwambie mbele ya watoto, usimwambie akitoka mwaloni amechoka, na usianze kuita wazee, wazee watakuja yeye akitaka. Akilia mwache alie, akikutukana kaa hapo hapo, usitoke kwenda "kupunga upepo" maana tunajua simu inaenda na nyie.

Na mtaji asikie mwenyewe ni 210,000 ili apange. Mwanamke wa dagaa anaweza kuanza na beseni chache, au akakopeshwa dagaa na mtu anayemuamini pale Kibirizi. Anajua hiyo biashara kuliko wewe. Usimwamulie kwamba ataishiwa.

Mwana Mwandiga

Ukweli dada. Ila ndoa zingine zinavunjika kweli tusimdanganye.

Mama Wawili Ujiji

Zinavunjika. Yangu ilisimama miezi, nilirudi kwetu Kasulu. Sikusema ni rahisi.

Nesi wa Zamu

Natokea upande wa afya. Kaka hiki kitu ni ugonjwa, sio lugha ya kukubembeleza. Shirika la Afya Duniani wameuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yao ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022. Kinachotibu zaidi ni mazungumzo na mtu aliyesomea, unajifunza kuijua ile saa unayowaka na kuipitisha. Wewe saa yako umeshaitaja mwenyewe, ukipata barua ya kukataliwa. Kwa hiyo siku ya majibu ya usaili usiwe peke yako na simu. Nenda hospitali ya mkoa pale Maweni, uliza kitengo cha afya ya akili au ustawi wa jamii, sema tu "nashindwa kuacha kubeti", hutakuwa wa kwanza.

Na nakuuliza wazi, usione aibu: umewahi kuwaza kujidhuru? Madeni na siri vikikaa pamoja huwa vinawapeleka watu huko.

Wa Mwanga Sokoni

Kuna usiku mmoja yalikuja mawazo nesi, sidanganyi. Sasahivi hapana. Nimeandika hapa kwa sababu hiyo hiyo.

Nesi wa Zamu

Nashukuru umesema. Basi Maweni iwe kesho, usisubiri Jumatatu. Na usiku huu mtafute mtu mmoja wa damu umwambie, hata kwa simu. Yakirudi usiku nenda hospitali hapo hapo, wako wazi masaa 24.

Ustadh wa Kasingirima

Sijaja kukuhukumu kijana wangu. Al-Maida aya ya 90 kamari imetajwa pamoja na ulevi, na nadhani unaijua, kuijua hakujakuzuia, kwa hiyo sikuongezei. Ninachosema baada ya isha ndo muda wako mbaya, si ndio? Njoo msikitini ukae na watu mpaka uchoke, simu iache nyumbani. Na kama si Muislamu tafuta sehemu yenu, ila usishinde mwenyewe.

Fundi Gungu

Kuhusu hao wa mkopo wa aplikesheni. Novemba 2024 BoT, Benki Kuu, walitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, angalia kama wako wamo. Deni ulilokopa ulipe, sikwambii ukimbie, ila kutuma mesej za matusi kwa watu wako ni kosa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake inapokea malalamiko. Piga picha mesej zote usifute. Afu waambie mapema watu wako "mkipata mesej kuhusu mimi ni kweli nadaiwa, naishughulikia", hapo silaha yao imeisha.

Kazi: mtu wa data huwezi kukosa kabisa. Watafiti wanakuja huku kukusanya taarifa vijijini, wanatafuta watu wanaojua kutumia tablet na wanaoongea Kiha. Sio ajira lakini ni wiki mbili tatu za posho, na unatoka ndani. Nichek nina grupu.

Wa Mwanga Sokoni

Mrejesho. Mkeka ulichanika mechi ya kwanza tu, na sitasema nilifurahi.

Kaka yangu mkubwa nilimpigia usiku ule ule. Maweni nimeenda, nimepangiwa kurudi wiki ijayo. Mke nimemwambia jana mchana, stetimenti nikampa. Akaisoma yote, kurasa zote, kimya, afu akaanza kuniuliza muamala mmoja mmoja, "hii ya tarehe 9 saa nane usiku nilikuwa nimelala pembeni yako?" Nikajibu ndio. Akaniuliza za mwaka jana pia. Hajaondoka. Hajasema hataondoka. Amechukua ile 210,000 na laini yangu, na kwa mama wa kausha damu ameniambia nikikanyaga hapo nisirudi. Leo asubuhi amekwenda Katonga kuongea na mtu wake.

Nimewapigia kampuni wanifungie akaunti, wamesema wameifunga, na nimeweka ile programu ya BetBlocker, ni bure, inazuia tovuti za kubeti kwa muda unaochagua mwenyewe. Sasa mke anauliza, na mimi simu nyingine ni kitochi, je huko inafanya kazi?

Karani Mstaafu

Haifanyi. Kwenye kitochi unabeti kwa menyu ya kubonyeza nyota, programu haiwezi kuzuia hiyo. Na akaunti moja kufungwa usiamini sana, kampuni ziko nyingi na namba moja ya simu inafungua kote. Kwa hiyo dawa ya kitochi ni laini. Akae nayo yeye, namba ya siri abadilishe yeye usiijue, na wewe kama unahitaji namba ya kupigiwa na waajiri chukua laini mpya usiisajili huduma ya hela kabisa. Posho za utafiti zikija mwambie Fundi zitumwe kwa mkeo.

Mama Wawili Ujiji

Kwa mkeo ila sio kwenye ile laini yenye deni, itakatwa yote. Alipe lile deni kwanza au afungue mtandao mwingine.

Wa Mwanga Sokoni

Hilo hatukulifikiria. Namwambia akirudi.