Sarafu Ikishauzwa, Picha Zake Zibaki au Zifutwe?

Nakuru (mwanzisha mada)
Swali ni hili: mkusanyaji akiuza sarafu, abaki na picha zake au azifute siku hiyohiyo? Mimi nasema zibaki, na sababu yangu kubwa ni bandia.

Anayesubu sarafu bandia huanza na moja halisi. Huitengenezea kalibu, na kila kitakachotoka kwenye kalibu hiyo kitabeba makovu yaleyale ya sarafu mama. Shilingi mbili za Afrika Mashariki za 1924 zikiwa na mbonyeo uleule mbele ya pua ya mfalme na mkwaruzo uleule chini ya mguu wa simba, angalau moja ni ya kusubu. Sarafu mbili hazipati ajali zinazofanana hivyo mifukoni mwa watu. Sasa, ukiwa umefuta picha za ile uliyouza, hii inayokujia leo utailinganisha na nini?

Sababu nyingine ni kubadilishiwa. Unatuma florini safi ya 1920, sarafu iliyotangulia shilingi, kwa kifurushi cha matatu hadi Kisumu. Baada ya siku tatu mnunuzi anadai kuwa si kama ilivyotangazwa, naye anarudisha florini nyingine iliyochakaa. Picha ndiyo shahidi wako pekee.

Kisumu
Ndugu wa Nakuru, hoja ya kubadilishiwa naikubali, lakini ina mwisho wake. Mkikubaliana kwamba mnunuzi ana siku 7 za kurudisha, siku ya 8 picha haina kazi hiyo tena. Kuanzia hapo hiyo ni picha ya mali ya mtu mwingine.

Madhara yake yako wazi. Tapeli hahitaji kuwa na sarafu, anahitaji picha nzuri tu. Picha ulizoziacha kwenye tangazo la zamani anazichukua, anaweka bei ya chini kidogo, anapokea M-Pesa, kisha anazima simu. Aliyetapeliwa akitafuta zilikotoka, anakupata wewe. Tena picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, ikiwa huduma ya mahali iliwashwa kwenye kamera. Ukiituma kama faili kamili, umempa mgeni njia ya kufika mlangoni pako.

Nakuru
Hapo tunazungumzia mambo mawili. Kutunza si kutangaza. Tangazo liondolewe siku ya mauzo, hilo sibishani nalo. Faili ibaki nyumbani.

Kakamega
Kabla hatujabishana kama picha zibaki, tuulize kama zinafaa kubaki. Nyingi hazifai. Sarafu iko ndani ya mfuko wa plastiki unaong'aa, flashi imewaka, simu imeinama, na sura ya mfalme imekuwa doa jeupe. Picha hiyo haithibitishi lolote, hata uitunze miaka 40.

Picha zenye ushahidi hupigwa hivi. Itoe sarafu kwenye mfuko, uishike kwa ukingo. Usiisafishe. Ilaze juu ya karatasi ya kijivu isiyong'aa, kwa sababu karatasi nyeupe huidanganya kamera na fedha hutoka nyeusi. Ichukulie sarafu kama uso wa saa: taa moja iwe kwenye namba 10 na nyingine kwenye namba 2, zote za aina moja. Ukichanganya taa ya njano na mwanga wa dirishani, nusu ya sarafu itaonekana shaba. Simu ikae juu ya kitu kisichotikisika, kioo chake sambamba na sarafu, kwa umbali wa sentimita 25 hivi, kisha ukuze mara 2. Ukiisogeza karibu sana, simu yenyewe inatia kivuli na duara linapinda. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Piga upande wa kichwa, upande wa nyuma, na ukingo mara mbili. Ukingo ndio unaosahauliwa na kila mtu, na ndiko mshono wa kalibu unakojificha. Ongeza picha moja ya mwanga wa ubavuni kutoka taa moja tu. Hiyo ndiyo inayofichua kama sarafu ilisuguliwa kwa kitambaa, maana mikwaruzo yote itaelekea upande mmoja.

Kisha pima. Mizani ya sonara iwe ya kusoma gramu 0.01. Shilingi za fedha za 1921 hadi 1925 zilitoka kiwandani zikiwa na takriban gramu 7.78, na fedha halisi ndani yake ni robo tu. Iliyotumika sana hupungua, lakini ikizidi uzito huo kwa kiasi cha kuonekana, shuku. Andika uzito kwenye jina la faili lenyewe: EA-1shs-1924-7.71g. Picha na uzito vikitengana, baada ya miaka miwili hutajua uzito ni wa sarafu ipi.

Kuhusu nafasi, picha 5 za MB 4 ni MB 20. Sarafu 1,000 ni GB 20. Weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, usitegemee flashi diski moja. Na usiitunze ile iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu imebanwa na mikwaruzo midogo imeyeyuka.

Kitale
Yote hayo ni sawa kwa sarafu inayostahili. Shilingi 20 ya ndovu ya 2018 iliyotoka benki haitofautiani na mwenzake, picha yake ni kujaza simu bure. Shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa, naam, piga na utunze. Ndururu na senti kumi zenye tundu za 1936 za Edward VIII, hapa msidanganyane: mfalme hakukaa mwaka, lakini sarafu zake zilifuliwa kwa mamilioni. Ukizipiga, herufi ndogo H au KN, kama ipo, isomeke, la sivyo hujaeleza ni ya kiwanda gani.

Bungoma
Hakuna aliyetaja sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 ya Imperial British East Africa Company imo humo. Kwa sarafu kama hiyo mimi naona kufuta picha ni kosa kubwa. Ikiibwa kwa mnunuzi wako, huenda wewe ndiye pekee mwenye picha yake ya wazi, na polisi hawawezi kutafuta "sarafu moja ya zamani".

Kisumu
Kwa rupia ya 1888 nakubali, ndugu wa Bungoma. Lakini mbona basi wengi wetu hatutunzi picha pekee? Faili huwa na jina la mnunuzi, namba ya simu, bei, na mji alikoipeleka. Hiyo ni orodha ya nyumba zenye fedha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zisikae kuliko inavyohitajika. Inamwachia anayeshughulikia mambo yake binafsi na ya nyumbani, ila anayeuza kila wiki asijifiche hapo, huyo anafanya biashara.

Nakuru
Basi tuzitenganishe. Picha, uzito na tarehe ya mauzo vibaki kwenye kabrasha lililoandikwa IMEUZWA. Jina na namba ya mnunuzi viwe kwenye daftari la karatasi, na ukurasa huo uchanwe muda wa kurudisha ukiisha.

Kisumu
Na mnunuzi aambiwe kabla hajalipa kwamba picha zitabaki. Akikataa, zifutwe mbele yake, au usimuuzie.

Nakuru
Kuambiwa, ndiyo. Kufuta, hapana. Picha niliipiga mimi, na kuuza sarafu si kuuza picha. Akikataa, sitamuuzia.