Makumbusho ya ndege yametundika ndege ya akina Wright kinyumenyume, na hilo ndilo kosa dogo

Wakuu, nimekaa na hili siku tatu nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa kwenye makumbusho madogo ya historia ya ndege. Jina silitaji kwa sababu nataka warekebishe, sitaki wafungiwe. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za ndege, nimekua nikimshikia tochi akiwa amelala chini ya injini, na hizi habari nazipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Nilitaka mtoto naye azipende.

Ukiingia tu ukumbini, juu ya kichwa kuna mfano wa ndege ya injini ya ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, iliyoruka Kitty Hawk, Marekani, tarehe 17 Desemba 1903. Kazi ya mikono ni nzuri sana, nyaya zote zipo, mbavu za mabawa unaweza kuzihesabu moja moja. Sasa angalia walivyoutundika. Wameuinamisha kana kwamba unapaa, na ukutani wamechora mshale wa uelekeo. Upande ulioinuka, unaofuata mshale, ni upande wa propela. Ndege ile propela zake mbili zilikuwa nyuma ya mabawa, zikiisukuma. Kibawa cha kupandisha na kushusha pua ndicho kilichokuwa mbele. Aliyeutundika aliona kibawa akadhani ni mkia, akaugeuza wote, kisha akabandika mwanasesere aliyekaa wima akitazama propela. Orville Wright hakukaa. Alilala kifudifudi kwenye bawa la chini, nyonga zake zikiwa ndani ya kitanda kidogo alichokisogeza kushoto na kulia ili kupinda ncha za mabawa. Yaani jambo lenyewe lililowafanya ndugu wale wafaulu pale wengine waliposhindwa, kuimudu ndege ikiwa hewani, limefutwa na mwanasesere mmoja.

Binti yangu akaniuliza: "Baba, huyu mtu mbona mapanga yako usoni kwake?" Mtoto wa miaka tisa ameliona.

Kibao cha chini yake kinasema safari ya kwanza ilikuwa ya dakika 12. Ni sekunde 12! Kama mita 36 hivi, unaweza kuzitembea ukiwa bado unazungumza na mtu. Na kibao hichohicho, mistari miwili chini, kinasema safari ya nne ya siku ile, ya Wilbur, ilichukua sekunde 59 na ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Hakuna aliyekisoma kabla ya kukitundika? Wanafunzi wananakili dakika 12 kwenye madaftari, nimewaona kwa macho yangu.

Haya, tukatoka nje. Kuna ndege kubwa ya injini mbili, kibao kinaiita "DC-3 ya abiria ya mwaka 1935". Nimezunguka ubavu wa kushoto, nyuma ya bawa, nikakuta mlango mpana wa mizigo wenye vipande viwili. Nikachungulia ndani: sakafu iliyoimarishwa, pete za kufungia mizigo bado zipo. Hiyo ni C-47, ndugu zangu. Ni kweli muundo wa DC-3 uliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, lakini C-47 ni toleo la kijeshi, zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na ndizo zilizobeba askari wa miamvuli kwenda Normandy, Ufaransa, Juni 1944, kwenye Vita Kuu ya Pili. Ndege yenye historia ya namna hiyo mnaiita basi la abiria?

Tena wameipaka rangi mpya, nyeupe inayong'aa, kwa brashi, juu ya kila kitu. Ukiinama karibu na mlango na kuangalia kwa pembeni mwanga ukiwa chini, unaona vivuli vya maandishi ya zamani yamevimba chini ya rangi, na viraka vya bati vilivyopigwa ribiti na fundi fulani miaka mingi iliyopita. Maandishi yale na viraka vile ndiyo wasifu wa ndege. Ndipo mtu angeweza kujua ilipita wapi, iliumia wapi, nani aliitibu. Baba alikuwa akipitisha kidole juu ya kiraka anakwambia aliyekipiga alikuwa na haraka. Leo kidole kinateleza juu ya rangi ya ukutani.

Na huku wanapaka rangi bati, usukani wa mkia umetoboka. Kwenye ndege hii usukani na vibawa vya kuongozea vimefunikwa kitambaa, si bati, na watoto wanaachwa wavining'inie. Tundu nililoliona linaingia ngumi yangu.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni sanduku la geji, yaani vile vipimo anavyosoma rubani. Ndani ya ukumbi kuna meza imeandikwa "Gusa historia", na juu yake sanduku la mbao lenye geji za zamani za chumba cha rubani. Mbili zimevunjika vioo. Tarakimu zake zimepakwa rangi nene iliyogeuka kahawia, na moja ilikuwa inamomonyoka unga. Binti yangu alikuwa amekwisha kuishika.

Wasiojua niwaeleze. Geji nyingi za ndege za enzi ile zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, ili zing'ae na rubani azisome gizani. Kuzimika kusikudanganye: kinachochoka ni kemikali inayotoa mwanga, radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa kioo ni kizima na geji iko kabatini, hatari ni ndogo. Kioo kikivunjika, ule unga ukaingia mdomoni au puani, mwili unaupokea kama kalisi na kuupeleka kwenye mifupa. Wasichana wa viwanda vya saa Marekani waliokuwa wakipaka rangi hiyo kwenye saa na kuchonga ncha za brashi kwa midomo waliugua na kufa kwa jambo hilihili miaka ya 1920. Sikuwa na kipimo, ndiyo. Ila geji ya umri ule yenye rangi ya namna ile unaihesabu kuwa na radiamu mpaka ipimwe, na kamwe huiweki kwenye meza ya watoto.

Nilimnawisha mikono mara tatu, nikamfuata mhudumu. Jibu lake: "Mzee, watu wanakuja hapa kupiga picha tu."

Najua mtasema ni makumbusho madogo, hawana fedha. Nakubali, kukarabati usukani ni gharama. Ila pale kuna mzee mmoja wa kujitolea, fundi mstaafu, anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma. Nilizungumza naye nusu saa. Makosa yote haya anayajua. Kuhusu geji amekwisha kuwaambia zaidi ya mara moja, wakamjibu watalishughulikia. Alinionyesha na daftari lake, ameandika sahihisho la kila kibao kwa mwandiko mzuri kabisa. Limejaa. Hakuna aliyeliomba.

Uongozi wa pale, kama kuna anayewafahamu humu naomba awafikishie: sanduku la geji litoke mezani leo, si baada ya kikao, na waiteni wataalamu wa mionzi waje wapime. Zuieni watu kugusa mkia. Mpeni yule mzee vibao aviandike upya. Na geuzeni ule mfano wa akina Wright. Ngazi mnayo, niliiona imeegemezwa ukutani chini yake.