Tupeane uzoefu: timu yako ya mtaani imewahi kushirikiana vipi na makao ya watoto, wazee au hospitali?

Wakuu habari za saa hizi, hasa wagosi wenzangu wa Tanga. Nataka tuongelee timu za mpira na misaada ya jamii. Za juu tunaziona, Simba na Yanga zikikaribia Simba Day na Wiki ya Mwananchi wanachangia damu, wanatembelea wagonjwa na yatima, hata mechi za kufungua msimu zinaitwa Ngao ya Jamii, na Agosti 2023 zilichezwa hapa hapa Tanga, uwanja wa Mkwakwani, Simba akabeba kwa matuta mbele ya Yanga. Mimi nawauliza nyie wa mchangani, ambao hata mpira wa mazoezi mnachangishana.

Naanza na yetu. Mimi ni katibu wa timu moja ya Makorora. Mwaka wa kwanza tulichangishana tukanunua mchele, tende na sukari, tukakodi kirikuu, vijana wote ndani ya jezi mpaka makao ya watoto. Ilikuwa Ramadhani. Mlezi akatupokea vizuri sana, akatuambia tuingize magunia stoo wenyewe, sasa tunafungua mlango tunakuta mchele umepangwa mpaka dirishani maana kila taasisi na kila msikiti wameleta mchele mwezi huo huo. Nyuma ya mlango kuna karatasi ya daftari imebandikwa na plasta, imeandikwa kwa penseli: gesi, taulo za kike, nauli ya kliniki, madaftari makubwa, balbu mbili. Kepteni wetu akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Hatukuwa tumeleta hata kimoja.

Toka siku hiyo kila mchezaji anatoa buku mbili kwa mwezi na tumechukua gesi tu, mtungi wa kilo 15, basi. Ukiisha mlezi anapiga simu, bodaboda wa mtaani anaupeleka bila kutoza. Hakuna picha na hakuna sherehe ila hatujawahi kuruka mwezi. Haya leteni yenu.

Mdau wa Chumbageni
Sisi ni kuchangia damu, hospitali ya Bombo. Makosa tuliyofanya naomba mwingine asirudie. Tulipanga tuchangie asubuhi halafu jioni tucheze bonanza, tukaona ndio itanoga. Kwanza vijana wanne walirudishwa pale pale, wawili hawajafika kilo 50 na wawili hawajatimiza miaka 18, na tulishawahesabu. Waliobaki wakatoa, jioni wakaingia uwanjani, beki wetu wa kati dakika ya ishirini akashika kichwa akakaa chini, kizunguzungu, macho yanaona giza. Nilitetemeka jamani, mama yake alikuwa amesimama pale pale kwenye chaki. Akanywa maji akapata nafuu ila tukasimamisha mechi. Wahudumu walishatuambia siku hiyo tusifanye kazi nzito, sisi tukaona mpira sio kazi. Sasa tunachangia siku ambayo hakuna mazoezi wala mechi, na tumeandika kwenye daftari la timu nani katoa lini, maana mwanaume ni kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne, kwa hiyo tumejigawa makundi ili tusiende wote siku moja halafu tupotee mwaka mzima. Hospitali inahitaji damu kila wiki sio siku ya bonanza tu.

Mama mlezi
Wanangu asanteni kwa mada hii, nami niseme kutoka upande wa kupokea. Mkija tunafurahi kweli, watoto wanawasubiri getini toka saa mbili. Lakini kuna timu, siitaji, ilikuja na viatu vya njumu vilivyotumika gunia zima, tukaona raha, kumwaga chini vyote ni saba na nane, mtoto wangu mkubwa anavaa namba nne. Wakapiga picha watoto wamevishikilia wakaondoka. Na picha zenyewe wakaziweka mtandaoni sura za watoto wazi, na maneno eti huyu alitupwa jalalani. Mtoto yule yuko darasa la tano, wenzake wana simu za wazazi wao. Alikaa siku tatu hataki kwenda shule. Naombeni mtuulize kwanza, namba za viatu ninazo, na mpitie kwa afisa ustawi wa jamii, hiyo sio kuwazungusha, ni kumlinda mtoto.

Mgosi wa Sahare
Mama pole sana, hilo limeniuma.
Sisi tunasafisha ufukwe na kikundi cha mazingira cha hapa. Siku ya kwanza tulifika maji yamejaa, tukaokota vichupa viwili vitatu tukarudi. Wazee wa kuvua ndio wakatuelekeza njooni maji yakitoka, hasa bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kutoka sana, hapo ndio utaona chupa na vipande vya nyavu vilivyozama kwenye tope. Nilipata kusoma kuhusu Mathare Youth Sports Association ya Nairobi, walianza 1987, kule timu ikifanya usafi mtaani inapewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Tukaiga kwenye ligi yetu ya timu sita. Timu iliyokuwa inaburuza mkia sasa hivi inakuja na mareki yake!

Mdau wa Duga
Kwenye mechi za hisani angalieni hela. Tulicheza moja, watu walijaa, tukaambiwa viingilio vyote vinaenda kwa wazee wasiojiweza, mpaka leo wale wazee hawajaona kitu na aliyeshika boksi ana majibu mengi. Nilikuwa nauza tiketi kwa mikono yangu, nikikutana na bibi mmoja kati yao nainama. Siku hizi boksi linahesabiwa haftaimu mbele ya mwakilishi wa wanaosaidiwa na mwenyekiti wa mtaa, kiasi kinatangazwa kwa spika, anasaini anaondoka nazo hapo hapo.

Wa Bagamoyo
Huku tulianza kwa kufundisha mpira watoto wa kituo kimoja kila Jumamosi, bila zawadi yoyote. Kocha akikosa wanamuulizia kwa jina. Nina mengi ya kusema ila nipo kazini, nitarudi.

Katibu (mwanzisha mada)
Mdau wa Duga hilo la boksi nalipeleka kwenye kikao Alhamisi kama lilivyo. Mama mlezi, samahani kwa niaba ya sisi wote wa mpira, nakuandikia pembeni sasa hivi naomba hizo namba za viatu, tuna wachezaji wawili wanafanya kazi kwa mafundi viatu Ngamiani, waniambie namba nne zinapatikana kwa bei gani.